Kufundisha Historia na Uraia katika skuli ya kanisa Unguja

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Historia na Uraia katika skuli moja ya kanisa hapa Unguja, niliifikia mada ya mawakala wa ukoloni, yaani wale waliotangulia kuutengenezea ukoloni njia, nikiwa na andalio la somo la kurasa nne na sina habari kwamba nimejiandaa vibaya. Wapelelezi niliwachambua kipindi kizima, wafanyabiashara kipindi kingine. Nilipofika kwa wamisionari, ambao mtaala unawaweka katika kundi hilo hilo, nikatumia karibu muda wote kueleza hospitali, skuli na kuachiwa huru kwa watumwa, kisha upande wa pili nikaupitia kwa dakika kumi huku nikiangalia saa. Kijana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kila alasiri hutoka kwetu akaenda madrasa, akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, mbona wenzao umewasema kipindi kizima na hawa umewasema kidogo tu? Au kwa kuwa skuli ni yao?" Darasa likacheka. Nikamwambia akae chini tuendelee na somo, na jibu hilo ndilo ninalolijutia kuliko makosa yote niliyowahi kuyafanya ubaoni.

Nawaandikia walimu vijana wanaopangiwa skuli kama yetu, pamoja na wazazi wanaojiuliza kama mtoto wao, awe Muislamu au Mkristo, atafundishwa historia au atahubiriwa. Rai yangu ni kwamba skuli ya kanisa ina wajibu mkubwa kuliko skuli nyingine yoyote wa kuifundisha habari ya misheni bila kuipamba, kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa na maslahi ndani yake. Mwalimu akiitetea misheni darasani, wanafunzi humpa alama anazotaka kwenye mtihani na kuacha kumwamini kwa mengine yote.

Siku hizi naanza na watoto watano. Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu iliposhindwa Magomero, katika nchi ambayo sasa ni Malawi, ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa utumwani na kukabidhiwa misheni na Sultani Majid. Hapo nawauliza wanafunzi: watoto hawa walikuwa huru? Walikuwa wametoka katika minyororo, ni kweli, lakini hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi, nao kwao walikuwa hawana njia ya kurudi. Walipewa chakula, kitabu, dini na majina mapya. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyekuwa naye mtumwa kabla ya kusomeshwa Kiungani, chuo cha misheni hiyo hapa Unguja, akawa kasisi mwaka 1890. Mwanafunzi akiwa na watu hawa kichwani, sentensi ya mtihani isemayo kuwa wamisionari walikuwa mawakala wa ukoloni inaacha kuwa jambo la kukaririwa. Anaona kwamba misheni hiyo hiyo iliyomsomesha Majaliwa alipotoka utumwani ndiyo iliyokuwa jirani na rafiki wa balozi wa Uingereza, John Kirk, ambaye mwaka 1873 alimbana Sultani Barghash kwa tishio la manowari mpaka akatia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Wema na nguvu vilikuja pamoja, na kazi ya darasa ni kuvitazama vyote viwili, kimoja kisimfiche mwenzake.

Ninalihimiza zaidi ya yote somo la kutembea. Kutoka Darajani hadi kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa na misheni hiyo palipokuwa soko la watumwa, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na mwalimu wa Historia anayemaliza mwaka bila kuwapeleka wanafunzi wake pale amewadhulumu. Nendeni asubuhi, kabla vikundi vya watalii havijajaa. Kabla ya kuingia, kila mwanafunzi agawe ukurasa wa daftari lake sehemu tatu: niliyoyaona, niliyoambiwa na yaliyoandikwa. Mviringo wa marumaru nyeupe karibu na madhabahu unaingia sehemu ya kwanza, kwa sababu upo na unaguswa. Maelezo kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa yanaingia sehemu ya pili. Kwamba jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya soko kufungwa, hilo limeandikwa. Nguzo zinazosemwa kuwa mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu zimezusha ubishi mzuri kila nilipokwenda, kwa kuwa nguzo wanaziona wenyewe, ila sababu yake wameisikia tu.

Somo lenyewe hasa limo katika vyumba vya chini ya jengo lililo jirani na kanisa. Mgeni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa, na mimi niliyafundisha hayo miaka miwili kama ukweli usio na shaka. Kisha msichana mmoja mkimya alihesabu kwa vidole mlangoni na kuniuliza: kama jengo hili lilijengwa na misheni kuwa hospitali, na soko lilifungwa kabla misheni haijajenga hapa, watumwa waliwekwa humu lini? Sikuwa na jibu, na safari hii nilikiri mbele ya wote kwamba sina. Baadaye nilisoma na kuona kwamba wapo wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo kwa sababu hiyo hiyo aliyoitoa msichana. Kwa hiyo sasa naunganisha safari hiyo na ya Mangapwani, kwenye chumba kilichochongwa katika jiwe ambako watu walifichwa wakati biashara imekwisha kupigwa marufuku, ili wanafunzi walinganishe ushahidi wa pahala pawili. Kuhoji chumba kimoja hakumaanishi kukana utumwa. Soko lilikuwepo, na waliouzwa pale walikuwa watu. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza ushahidi uko wapi hatayumbishwa na yeyote atakayemwambia kwamba yote ni uzushi wa Wazungu.

Mada ya utumwa inataka adabu. Katika darasa moja la Unguja mnaweza kuwa na mjukuu wa mwenye shamba la mikarafuu na mjukuu wa aliyelilima kwa lazima, na mara nyingine ni mtoto huyo huyo mmoja. Niliwahi kutoa kazi ya nyumbani ya kuchora ukoo hadi kizazi cha nne. Jumatatu yake mama mmoja alifika ofisini kabla ya kengele, akanisalimia kwa heshima zote, akakaa, kisha akasema, "Mwanangu, mambo ya ukoo hayaandikwi kwenye daftari la skuli." Alikuwa na haki yake. Tangu hapo siwaulizi wanafunzi habari za damu yao. Nawatuma wakaulize habari ya kitu: kisima, njia, msikiti wa mtaani, mwembe uliokatwa. Wazee huzungumza kwa raha juu ya kisima, na katika habari ya kisima mengine hujitokeza yenyewe bila kuvuliwa nguo mtu yeyote. Kwa upande wa maandishi nawapa amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, na nawaacha wagundue wenyewe kwamba fidia iliyowekwa ilikuwa ya wenye watumwa, si ya watumwa. Kimya kinachofuata hakihitaji maelezo ya mwalimu.

Kuna kosa jingine la skuli zetu, ambalo ni la kuianza historia ya visiwa na misheni. Wanafunzi Wakristo, hasa ambao familia zao zimetoka Bara, huweza kumaliza kidato cha nne bila kujua kwamba maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, katika msikiti wa Kizimkazi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, wala kwamba palipo Ngome Kongwe paliwahi kuwa na kanisa dogo la Wareno kabla Waomani hawajajenga ngome yao. Vipindi viwili vya Kizimkazi vimenisaidia kuwaweka wanafunzi wa dini zote meza moja kuliko hotuba nyingi za kuvumiliana, ambazo kwa kweli huwachosha. Somo la Maarifa ya Biblia lina kipindi chake na mwalimu wake, na libaki huko.

Uraia ni mwepesi zaidi ukifundishwa kwa katiba zenyewe mkononi, ya Muungano ya mwaka 1977 na ya Zanzibar ya mwaka 1984. Waonesheni katika orodha ya mambo ya Muungano kwamba elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Taifa vimo, ilhali skuli za msingi na sekondari ni za Wizara ya hapa. Wataelewa mara moja kwa nini mtihani wa kidato cha pili unatoka Zanzibar na wa kidato cha nne unatoka Bara, na Muungano utaacha kuwa tarehe 26 Aprili tu.

Lugha nayo inawaponza wengi. Mtoto anayeweza kubishana vizuri sana juu ya mapinduzi ya 1964 kwa Kiswahili huandika mistari mitatu ya kukariri kwa Kiingereza. Mimi huwaacha wajadiliane kwa Kiswahili mpaka hoja ikomae, ndipo tuifanyie kazi kwa lugha ya mtihani, sentensi moja moja ubaoni. Mkaguzi mmoja hakupenda utaratibu huo. Sikuuacha.

Wazazi wanaodhani mchepuo wa sanaa ni wa walioshindwa hesabu siwezi kuwabadilisha kwa makala moja. Lakini mzazi anayetaka kujua kama skuli ya kanisa inamfundisha mwanawe historia asihangaike kumuuliza mwalimu mkuu. Aombe daftari, afungue mada ya mawakala wa ukoloni, ahesabu mistari waliyopewa wapelelezi na mistari waliyopewa wamisionari, kisha atazame kama kuna pahala mtoto ameandika swali lake mwenyewe pembeni.