Njia ya Shela Ikikatika, Kompyuta Ijue Yenyewe

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihudumia mtandao mdogo unaounganisha nyumba za wageni za Lamu mjini na za Shela, na ruta zake zote, yaani mashine zinazoelekeza data njia ya kupita, ni kompyuta za kawaida zenye kadi mbili au tatu za mtandao, zinazoendeshwa na mfumo wa Linux. Redio iliyoko juu ya paa moja la Mkomani, mtaa wa Lamu mjini, hurusha mawimbi juu ya maji hadi Shela, na njia ya akiba huvuka kwanza hadi kisiwa cha Manda, kisha ikarudi Shela. Ninamwandikia yeyote mwenye mtandao wa namna hii ambaye bado anaziandika njia zake kwa mkono, akiamini kwamba akiba aliyoiweka itamfaa siku ya shida.

Mimi haikunifaa. Jioni moja ya msimu wa kusi, upepo uliuzungusha mlingoti wa Shela kwa kiasi cha upana wa kiganja, antena ikatazama pembeni, na mtandao ukakatika nami niko Mokowe, upande wa bara. Mama mwenye nyumba akanipigia simu: "Mwanangu, taa za mashine zote zinawaka kijani, mbona hakuna kitu?" Jibu lilikuwa ndani ya swali lake. Kebo kati ya kompyuta na redio ilikuwa nzima na redio ilikuwa na umeme, kwa hiyo kompyuta iliendelea kuiamini njia ya kwanza na kumwaga pakiti zote (vipande vya data) huko, huku njia ya Manda ikikaa bure. Njia iliyoandikwa kwa mkono haina habari ya yanayotokea ng'ambo ya kebo.

Ndiyo sababu nilihamia OSPF, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano) ambayo ruta huitumia kuambiana njia zilizopo. Katika itifaki hii ruta jirani husalimiana, kwa kawaida kila baada ya sekunde 10, na jirani asiyesikika kwa sekunde 40 huhesabiwa kuwa hayupo. Salamu zenyewe hupita katika mawimbi yale yale yanayobeba pakiti za wageni, hivyo mawimbi yakikatika, ruta hupata habari. RIP, itifaki nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo ingefanya kazi, ila husubiri sekunde 180 kabla ya kuiacha njia iliyonyamaza, na hupima umbali kwa idadi ya ruta tu. BGP, itifaki ya tatu, ni ya mitandao yenye wenyewe tofauti, na hapa sikuihitaji.

Programu ninayoitumia ni FRRouting, iliyochipuka kutoka programu ya Quagga mwaka 2017. Ukishaisakinisha, washa ospfd, sehemu yake inayoendesha OSPF, katika faili la /etc/frr/daemons, kwa maana huja ikiwa imezimwa, kisha weka net.ipv4.ip_forward kuwa 1, ili Linux ipitishe pakiti kutoka kadi moja hadi nyingine. Na kanuni zako za kuchuja pakiti ziruhusu itifaki namba 89, kwani OSPF haisafiri ndani ya TCP wala UDP, itifaki zinazobeba data nyingi za mtandao. Upande wa wageni uwe kimya kwa amri ya passive-interface, na majirani wathibitishane kwa neno la siri, ili kompyuta ya mpita njia isije ikajitangaza kuwa ruta.

Usiku mzima ulinipotea kwa sababu ya MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja kwa baiti. Majirani wawili walionana, lakini wakakwama katika hali ya ExStart, hatua ya kuanza kubadilishana habari za njia, bila kusonga mbele, na kumbe upande mmoja ulikuwa 1500 na wa pili 1400. Ukiiona hali hiyo, linganisha MTU kabla ya kugusa jambo jingine lolote. Vilevile, pakiti zikienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, rp_filter, kipengele cha Linux kinachokagua pakiti imeingia kwa njia gani, kikiwa na thamani ya 1 huzitupa bila kusema neno. Mimi huiweka 2 katika kadi zinazotazama redio. Gharama za njia, namba ambazo OSPF huzitazama ili kuchagua njia, nazo ziandike mwenyewe, kwa sababu OSPF huisoma kasi ya kadi, nayo kadi itadai megabiti 1000 hata kama redio iliyo mbele yake haifikishi 100.

Lililonifunza zaidi ni maji yenyewe. Kwa kutaka njia ibadilike upesi, nilipunguza salamu hadi sekunde 1 na subira hadi sekunde 4, pande zote mbili, maana zisipolingana majirani hawapatani. Siku za kawaida mambo yalikwenda vizuri. Ilipofika bamvua, njia ya Shela ikawa inakatika na kurudi, na kila mara ruta zote zilikokotoa njia upya. Sababu ni kwamba mawimbi mengine huenda moja kwa moja na mengine hugonga uso wa bahari kwanza, na maji yanapojaa au kupwa, tofauti ya safari hizo hubadilika hadi wakati mwingine mawimbi yakafutana. Itifaki haiwezi kuliponya hilo. Nilibadilisha kimo cha antena, nikarudisha sekunde 10 na 40, na kwangu kungoja nusu dakika ni bora kuliko mtandao unaoyumba usiku kucha.

Kabla ya kuondoka, ujaribu mtandao wako kwa namna inayofanana na ajali yenyewe. Usichomoe kebo: kompyuta iliyochomolewa huliona hilo papo hapo na kuwaarifu wenzake kupitia Manda, nawe utadhani kila kitu ni chepesi. Ingia katika ukurasa wa redio, zima mawimbi peke yake, uache umeme na kebo mahali pake, huku ping, amri inayotuma pakiti ndogo na kungoja majibu, ikiendelea. Nilipofanya hivyo Shela mara ya mwisho, taa zote zilibaki kijani, majibu yakanyamaza kwa sekunde 36, kisha yakaanza kurudi kupitia Manda.