Maswali ya Wasomaji: Matabaka ya watu Babeli, Athens na Misri

SWALI: Mhariri, binti yangu yuko kidato cha pili. Amepewa kazi ya kulinganisha matabaka ya watu katika Babeli, Misri ya kale na Ugiriki. Kitabu chake kina pembetatu tatu, kila moja ina mtawala juu na watumwa chini. Zote zinafanana. Tofauti ataipata wapi? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Pembetatu hizo aziweke kando kwanza. Zinaonyesha nani yuko juu ya nani, ila hazisemi cheo kilipimwa kwa kigezo gani, wala mtu alipata au alikosa nini kwa ajili yake. Kwa kila jamii aulize mambo hayo mawili.

Aanze na Babeli, maana sheria zenyewe zipo. Mfalme Hammurabi (karibu 1792–1750 K.K.) alizichongesha kwenye jiwe jeusi lenye urefu wa mita 2.25, ambalo leo liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Zinataja watu wa aina tatu: muungwana, mtu wa kawaida aliye huru, na mtumwa. Muungwana akimpofua jicho muungwana mwenzake, naye hupofuliwa. Akimpofua mtu wa kawaida, hulipa mina moja ya fedha, yaani kama nusu kilo. Akimpofua mtumwa wa mwenzake, hulipa nusu ya bei ya mtumwa huyo.

Kisha atazame malipo ya tabibu, mahali ambapo wengi hawafiki. Tabibu aliyempasua muungwana jeraha kubwa akapona alipata shekeli 10 (shekeli ni kipimo cha uzito wa fedha). Kwa mtu wa kawaida shekeli 5. Kwa mtumwa shekeli 2, zilizotolewa na bwana wake. Sheria hizo hizo zinapanga ujira wa kibarua: punje 6 za fedha kwa siku kwa miezi mitano ya kwanza ya mwaka, halafu punje 5. Shekeli moja ni punje 180, kwa hiyo siku 30 za kazi kwa ujira wa juu zilileta shekeli moja. Mtu huru anayeishi kwa kibarua angehitaji miezi mitano ya kazi bila kula chochote ili alipe upasuaji mmoja. Hesabu hii aiandike. Mwalimu ataona kwamba ameelewa.

Athens ilipima kwa mavuno. Mwaka 594 K.K. Solon, mtunga sheria wa mji huo, aliwagawa raia katika ngazi nne: wenye mazao ya vipimo 500 kwa mwaka, 300, 200, na walio chini ya hapo. Kipimo kimoja cha nafaka kilikuwa kama lita 52. Mvinyo na mafuta vilihesabiwa pia. Vyeo vikubwa vilikuwa vya walio juu, na ngazi ya nne ilibaki na mkutano wa raia na mahakama. Aliyeongeza mavuno aliweza kupanda, jambo ambalo ukoo peke yake usingemruhusu. Wageni na watumwa hawamo kabisa katika ngazi hizo nne, kwa hiyo asiwachoree ngazi ya tano.

Misri haikutuachia sheria za namna ya Hammurabi, basi afuate posho. Katika kijiji cha Deir el-Medina, mafundi waliochonga makaburi ya wafalme walilipwa kila mwezi magunia 4 ya ngano na 1.5 ya shayiri. Msimamizi wao 5.5 na 2. Gunia lilikuwa kama lita 76. Tofauti yao ni kama theluthi moja tu! Mwaka wa 29 wa utawala wa mfalme Ramesses III nafaka ilipochelewa, mafundi waliacha kazi wakaenda kuketi kwenye mahekalu, na karani akaandika yote kwenye mafunjo (karatasi za kale za matete) yaliyoko Turin, Italia.

Kosa moja linalopoteza alama nyingi: kuchanganya nyakati. Kati ya Hammurabi na Ramesses III kuna takriban miaka 600, na hadi Solon zaidi ya 500 tena. Kila mfano auwekee mwaka.

SWALI: Je, piramidi za Giza zilijengwa na watumwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ushahidi unaonyesha vikosi vya wafanyakazi waliolishwa na serikali. Karibu na piramidi kumechimbuliwa makazi yao, viwanda vya mikate, mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, na makaburi ya wajenzi wenyewe. Mafunjo yaliyopatikana Wadi al-Jarf mwaka 2013 ni kumbukumbu za kazi za Merer, aliyeongoza kikosi cha kusafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza enzi ya mfalme Khufu. Kazi ya zamu kwa mfalme haikuwa lazima iwe ya hiari, lakini hao si watu walionunuliwa sokoni.