Tumbo la mtoto mwenye uvimbe wa mishipa midogo ya damu

SWALI: Shikamoo, daktari. Mwanangu wa miaka 6 aliugua mafua, kisha akatokwa na vipele vya zambarau miguuni na makalioni, na vifundo vya miguu vikavimba. Hapa Arusha tuliambiwa ni ugonjwa wa Henoch-Schönlein na kwamba utaisha wenyewe. Sasa tumbo linamkata, linaachia, linarudi. Jirani anasema ni minyoo. Vipele na tumbo vinahusianaje?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Katika ugonjwa huu kingamwili za aina ya IgA hujikusanya kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, ambayo huvimba na kuanza kuvuja. Kwenye ngozi uvujaji huo huonekana kama vipele unavyoweza kuvihisi kwa ncha ya kidole, na ambavyo havififii ukivibonyeza. Utumboni, damu na maji huingia ndani ya ukuta wenyewe, ukanenepa na kuuma. Zaidi ya nusu ya watoto hawa huumwa tumbo, na wapo ambao tumbo hutangulia vipele kwa siku kadhaa, wakadhaniwa wana kidole tumbo.

Ninalolihofia zaidi, ingawa huwapata wachache katika kila 100, ni utumbo kujichomeka ndani ya utumbo, kama mkono wa shati uliovuliwa kwa haraka. Sehemu iliyovimba husukumwa na mwendo wa utumbo hadi ikaingia katika sehemu inayofuata, mishipa yake ikabanwa, na isipofunguliwa mapema hufa na kutoboka. Kwa watoto wachanga wasio na ugonjwa huu, tatizo hilo kwa kawaida hutokea pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, nasi huweza kuurudisha kwa kusukuma hewa kupitia njia ya haja kubwa. Kwa mtoto kama wako mara nyingi hujichomeka ndani ya utumbo mwembamba peke yake, ambako hewa hiyo haifiki vizuri. Ndiyo sababu ninasisitiza ultrasaundi, na daktari wa upasuaji awe karibu.

Kwa hiyo mpeleke leo hospitali ya rufaa, Mount Meru hapo Arusha au KCMC hapa Moshi, akapimwe. Akitapika nyongo ya kijani, akitoa choo chenye damu au cheusi kama lami, tumbo likiwa gumu, au akilegea na kusinzia baina ya maumivu, usingoje kupambazuke. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuongeza kuvuja damu na kuumiza figo. Prednisoloni hufupisha maumivu ya tumbo, lakini inaweza kuficha dalili za utumbo uliotoboka, hivyo aianzishe daktari aliyekwisha kumkagua.

Tumbo likishatulia, mkojo wake na shinikizo la damu viendelee kupimwa kwa angalau miezi 6, maana figo huweza kuathirika wiki kadhaa baada ya vipele kufifia, na mtoto asihisi chochote.