Muulize Shangazi: Leza ya makovu, na maswali ya kuuliza kabla hujalipa

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Kayole. Chunusi zilinitesa tangu Fomu Two, sasa zimeisha lakini zimeniachia vishimo mashavuni na mabaka meusi hadi kwa kidevu. Kuna mahali hapo tao, orofa ya tatu, wananiambia wako na leza ya kutoa makovu yote, vikao sita, kila kimoja Sh15,000, na nikilipa vyote mara moja napewa diskaunti. Nimeshaanza kuchanga. Hii kitu inafanya kazi ama ni pesa nitatupa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo pesa kaa nazo kwanza. Leza inafanya kazi, si uongo, lakini hao watu wamekupigia hesabu kabla hawajakuangalia uso, na huo uso uko na shida mbili, si moja.

Mabaka meusi si makovu. Funga macho upitishe kidole, kama hapo ni laini sawa na ngozi ya kando basi hiyo ni rangi tu iliyobaki chunusi ilipopoa, na inafifia polepole kwa miezi kadhaa, haraka zaidi ukipaka sanskrini kila asubuhi na daktari akikuandikia krimu ya retinoidi ama asidi ya azelaiki. Usikimbilie leza kwa hayo mabaka, ikikosewa inakuongezea weusi. Na zile krimu za kung'arisha za vichochoroni wachana nazo, ziko zenye zebaki.

Vishimo ndio makovu, hapo ngozi imepoteza kolajeni, ile protini inayoishikilia na kuijaza. Leza inayotumika sana kwa vishimo inaitwa fraksheno, maana yake haichomi uso wote, inapiga vidoti vidogo vidogo na kuacha ngozi nzima katikati, na hiyo nzima ndiyo inasaidia iliyochomwa kupona haraka. Kuna ile kali ya kaboni dioksidi, nanomita 10,600 (nanomita ni kipimo cha wimbi la mwanga wa leza), inayounguza ngozi ya juu kabisa, utatoka majimaji na magamba karibu wiki nzima na kazini huendi. Kuna ya pole, nanomita 1,550, inapasha joto chini bila kufungua ngozi ya juu, unavimba siku mbili tatu halafu unaendelea na maisha, ila vikao vinakuwa vingi. Ile kali inabadilisha sana lakini kwa ngozi yetu ndiyo ya kuogopa, kwa sababu ngozi nyeusi ikipata joto na kuvimba inajibu kwa kumwaga melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, unatoka na mashavu yaliyojaa kidogo na uso wenye madoa kuliko ulivyoingia. Ndiyo maana daktari anayejua kazi anaweka nguvu ya chini, vidoti vichache, na nafasi ya kutosha kati ya kikao na kikao.

Halafu si kila kishimo ni cha leza. Vile vyembamba vya ndani, kama vimetobolewa na sindano, leza haivifikii vizuri, huwa wanatia tone la asidi ya TCA ndani ya kila kimoja. Vile vipana vilivyovutwa na nyuzi kwa chini, nyuzi zenyewe zinakatwa na sindano inayopita chini ya ngozi. Mimi ningekuwa wewe ningeulizia mikronidling kabla ya leza, ni visindano tu bila joto, kwa hivyo hatari ya weusi iko chini. Na yeyote anayekuahidi kutoa makovu yote anakudanganya, yanapungua, hayafutiki, na kolajeni inaendelea kujijenga miezi 3 hadi 6 baada ya kikao.

Sasa rudi pale orofa ya tatu uulize mashine inaitwaje na ni ya nanomita ngapi. Uliza nani ataishika, na jina lake ulitafute kwa rejista ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari Kenya, iko mtandaoni. Uliza kama watajaribu kasehemu kadogo chini ya taya kwanza wangojee wiki kadhaa. Wakikwambia ati leza ni leza, shuka ngazi. Kuna mashine za IPL watu wanaziita leza na ni taa kali tu, hizo kwa ngozi nyeusi zinachoma vibaya. Na kama umewahi kumeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini, sema mapema.

SWALI: Shangazi, nyuma ya kichwa nilianza na vipele vya kinyozi, sasa ni manundu magumu yanawasha. Leza inaweza kuyakata? Kijana wa Githurai.

JIBU: Usikubali kukatwa tu ukaachwa hivyo, keloidi, yaani kovu linalovimba na kuendelea kukua, ikikatwa peke yake mara nyingi inarudi, tena kubwa kuliko ya kwanza. Kawaida ni sindano za triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, ndani ya nundu kila wiki 4 hadi 6. Leza iko, lakini ni ya Nd:YAG, nanomita 1,064, na hapo kisogoni kazi yake ni kuua mashina ya nywele yanayochokoza ngozi. Kwa sasa mwambie kinyozi asikunyoe hadi chini kabisa.

SWALI: Nilichomwa na ekzosti ya bodaboda miezi miwili iliyopita, kovu liko kwa shavu la mguu. Naweza kupiga leza saa hii?

JIBU: Kama limelala na haliwashi, sina haraka na wewe, kovu hubadilika hadi mwaka mzima. Paka jeli ya silikoni kila siku, ulikinge na jua, na likianza kuinuka ama kuwa gumu hapo usingoje, nenda kwa daktari wa ngozi. Halafu boda shukia upande wa kushoto, ekzosti iko kulia.