Rojo la nyama ya kuoka: chumvi iache kwanza

Usitie chumvi hiyo. Umeandika kwamba Jumapili utaoka paja la mbuzi kwa ajili ya wageni wa posa ya dada yako, kwamba utavuruga vidonge viwili vya viungo vya mchuzi pamoja na kijiko cha chumvi katika mafuta na maji ya nyama yaliyojikusanya kwenye trei, kisha utaliacha rojo lichemke hadi lipungue nusu na kuwa zito. Nilipofika kwenye neno "lipungue" nilitamani kukupigia simu.

Mimi nilifanya hivyo hivyo hapa Nyegezi, Mwanza, siku wakwe zangu walipovuka kwa kivuko cha Kamanga kutoka upande wa Sengerema kuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Nilijitia ufundi, nikamfukuza mke wangu jikoni. Nilikuwa nimenunua kilo nne za nyama ya ng'ombe, nikaipaka chumvi, kitunguu saumu na sosi ya soya tangu usiku, na asubuhi nikaiingiza kwenye oveni. Ilipoiva, trei ilikuwa na vikombe viwili hivi vya mchuzi wa rangi ya asali iliyokolea, wenye harufu iliyowaita watoto wa jirani hadi mlangoni. Laiti ningeishia hapo. Niliongeza maji, vidonge viwili na chumvi kidogo, nikaonja, na nakiri kwamba ladha ilikuwa safi kabisa. Huo ndio mtego wenyewe, kwa sababu mchuzi niliouonja ulikuwa bado mwepesi, na niliuacha motoni karibu saa nzima ukipungua huku nikibadilisha shati.

Mvuke huondoka na maji tu. Chumvi hubaki sufuriani. Lita moja ya mchuzi yenye gramu 10 za chumvi ikichemka hadi ikabaki nusu lita, gramu zile 10 bado zimo, na ukali wake umekuwa maradufu. Tena trei ile haikuanza na sifuri: nyama iliyolala na chumvi na sosi ya soya hudondosha maji yenye chumvi, na vile vidonge navyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Kwa hiyo mimi, msomi wa jiko, nilitia chumvi mara nne kabla sijaketi mezani.

Baba mkwe alionja, akanywa maji glasi nzima, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi: "Mwanangu, ziwa letu hili ni la maji baridi. Hii bahari umeitoa wapi?"

Nilirudi jikoni kuokoa jahazi. Nilitumbukiza viazi, kwa kuwa kila mtu husema kiazi hunyonya chumvi. Kiazi hunyonya mchuzi wenye chumvi, na kile kinachobaki ni kikali vilevile. Nikaongeza maji, rojo likawa jepesi. Nikamwaga unga mkavu ndani ya mchuzi unaochemka, ukafanya madonge yaliyoiva nje na kubaki unga mtupu ndani. Wageni walikula nyama kwa ugali na kachumbari, na sufuria ile nilimpa mbwa wa jirani, ambaye aliinusa na kwenda zake akiwa na heshima yake.

Anayenikera hadi leo ni yule fundi wa mapishi niliyemlipa kwa masomo ya Jumamosi tatu, ambaye alirudia kila wiki kwamba chumvi itiwe mapema "ili iingie". Iingie wapi? Nyama ina pa kuingiwa, nakubali, lakini rojo ni kioevu, na chumvi huyeyuka humo kwa kukoroga mara moja tu. Hakuwahi kutuonjesha sufuria iliyopungua, wala hakutuambia kwamba trei ina chumvi yake tayari. Fedha yangu, hata hivyo, aliipokea mapema, pengine nayo ili iingie.

Basi Jumapili mimina maji ya trei kwenye chombo kirefu, usubiri mafuta yaelee, uchukue vijiko vikubwa viwili vya mafuta hayo na vijiko viwili vya unga wa ngano, uvikaange kwa moto mdogo hadi unga uache kunuka ubichi. Ukoko wa trei uukwangue kwa mwiko na maji ya moto, isipokuwa ule ulioungua ukawa mweusi, maana ni mchungu. Kisha ongeza maji ya nyama kidogo kidogo huku ukikoroga, na kama hayafiki kikombe kimoja, jazia supu ya mifupa isiyotiwa chumvi wala kidonge. Likifikia uzito unaoutaka, zima moto, onja kwa kipande cha nyama yenyewe na si kwa kijiko kitupu, ndipo uamue kama chumvi inahitajika. Mara nyingi mimi hulirudisha kopo la chumvi kabatini bila kulifungua.

Uliuliza pia habari ya wanga wa mahindi na kuhusu kupika siku moja kabla, lakini hayo yatajibiwa na wengine. Wewe niahidi kwanza kuhusu chumvi. Mama mkwe wangu, kila ajapo Mwanza, hushuka kivukoni na sato wake mwenyewe aliyekwisha kuchemshwa.