Old Crow wanaishije bila barabara?
Umeuliza, ndugu, watu wa Old Crow kule Yukon, Kanada, wanafikiwaje bila barabara. Kwa ndege, basi! Hawafiki 300, wengi ni Wavuntut Gwitchin, wenyeji asilia wa huko, na kijiji kipo pale mto Crow unapoingia mto Porcupine. Maziwa, dizeli, hata misumari hushushwa uwanja wa ndege, ndiyo maana bei ya dukani inauma. Ila kitoweo chenyewe kinajileta: karibuu (si ile ya hodi!), kulungu wa nchi za baridi, huvuka mto kwa makundi barafu ikiyeyuka, na tena kabla ya baridi kurudi. Nyama hukatwa vipande vyembamba, ikaanikwa na kukaushwa kwa moshi. Mto ukiganda, unakuwa njia ya pikipiki za theluji. Tangu 2021 wana sola pia; kiangazi jua halizami, jenereta hupumzishwa.