Deki inapiga kelele kwa CD za kuchoma tu

Yaya, kama CD za dukani zinaimba vizuri na zile ulizochoma (ulizorekodi kwa kompyuta) nyumbani ndizo zinaleta kelele, usikimbilie kwa fundi. Sikiliza kwanza. Ikivuma na kutetemeka, shida ni ile karatasi ya jina uliyobandika: imekaa upande, diski inayumba ikizunguka. Usiibandue, itaondoka na tabaka linalong'aa; choma nyingine, uandike kwa kalamu laini.

Ikifanya tiki-tiki-tiki, lenzi inahangaika kusoma. CD-RW, zile za kufuta na kurekodi tena, zinarudisha mwanga kidogo mno, deki nyingi za zamani hazizioni kabisa. Tumia CD-R, zile za kurekodi mara moja tu, choma kwa mwendo wa chini. Na vumbi letu hili jeusi la Goma! Chomoa deki, futa lenzi taratibu kwa pamba yenye alkoli kidogo.